Pazia Juu ya Irindinyi

Siku aliyompoteza kaka yake, Mkawasi Mwaluma alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa picha katika Kituo cha Ramani za Urithi, mjini Voi, akimweleza mgeni kutoka wizarani jinsi mlima unavyofutwa.

Wageni alikuwa amewazoea. Walikuja na maswali yaleyale, na yeye alikuwa na mfano mmoja alioupenda kuliko yote: aliwaonyesha kwao. Aliita picha ya setilaiti ya dakika ile, akaivuta mpaka upande mkavu wa vilima vya Taita, akaisimamisha juu ya genge refu la mawe lililozungukwa na miiba. Akamwuliza mgeni anaona nini. Mgeni akainama, akakaza macho, akasema haoni chochote ila mawe.

Mkawasi akatabasamu. Chini ya picha ile kulikuwa na kijiji cha Irindinyi: nyumba thelathini na moja, mashamba ya mahindi na mihogo, zahanati ya chumba kimoja, na pango la ukoo wake. Irindinyi walikuwa bado wanashika desturi ambayo majirani wengi walikwisha kuiacha. Mzee akizikwa, baada ya miaka fuvu lake lilifukuliwa, likasafishwa, likapelekwa pangoni kukaa na waliomtangulia, kila mmoja katika shimo lake lililochongwa mwambani. Walikuwa sitini na watatu. Baba yake Mkawasi alikuwa wa mwisho kuingia.

Mgeni alitaka kujua kwa nini mahali pa namna hiyo pafichwe badala ya kutangazwa. Mkawasi akamweleza kwamba walianza kwa kutangaza. Setilaiti zilikuwa zikipiga picha kila kipande cha dunia kila baada ya dakika tisa, na picha hizo zilikuwa za kila mtu. Kituo kilizitumia kutafuta makaburi, mapango na magofu, kikayaweka kwenye ramani ili yalindwe. Lakini wezi nao walikuwa na mashine za kusoma picha. Mafuvu ya wazee yalikuwa na wanunuzi ng'ambo, watu wa kuyaweka sebuleni ndani ya vioo. Pango la kwanza lililowekwa kwenye ramani lilikombwa kabla wiki haijaisha. Walitumwa nyuki, ndege ndogo zisizo na rubani, nyeusi, kubwa kama kunguru, mia kwa mkupuo, kila moja na kucha za kubebea kitu kimoja.

Ndipo likaja Pazia. Kwa mkataba wa mataifa, kampuni zote za setilaiti zilikubali kupokea picha ya uongo ya kila mahali palipofunikwa, na pamoja na picha, urefu wa uongo. Penye bonde ramani ilisema pana genge, na penye mwamba ilisema pana uwanja. Nyuki aliyefuata ramani alijigonga akavunjika. Hakuna picha ya kweli iliyoruhusiwa kuhifadhiwa, wala vipimo, wala orodha, kwa kuwa kila kilichoandikwa kinaweza kuibwa. Genge la Irindinyi lilichorwa na Mkawasi mwenyewe. Ilimchukua miezi mitano, jiwe kwa jiwe, na wenzake walisema hawajaona uongo uliochorwa kwa mapenzi kama ule.

Simu yake ikaita. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na moja asubuhi.

Alikuwa wifi yake, Mghoi, mke wa kaka yake Mwadime. Mghoi hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi. Alizungumza polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa pomoni.

"Wifi, kaka yako ameumwa na koboko. Mara mbili, pajani. Nimeita ndege ya wagonjwa mara tatu, na mara tatu imenijibu kwamba hapa tulipo hakuna watu."

* * *

Mwadime ndiye aliyekuwa mtunza pango. Kila mwezi alipanda na panga kufyeka vichaka mlangoni, na asubuhi ile alikuwa ameinua tawi bila kutazama lililokuwa chini yake. Vijana walimkuta akishuka mwenyewe, anatembea, anawaambia wasipige kelele. Alipofika nyumbani ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito.

Mkawasi alimwomba mgeni radhi, akaingia chumba chake, akafunga mlango. Alijua hesabu ya sumu ya koboko kama ajuavyo kila mtu aliyekulia kule. Kuanzia kuumwa mpaka pumzi kukatika, mtu mzima alikuwa na saa mbili, pengine tatu. Nusu saa ilikuwa imekwisha kwenda. Zahanati ilikuwa na dawa ya kutuliza maumivu na bandeji. Dawa ya sumu na mashine ya kupumulia vilikuwa Voi. Barabara ya kupanda Irindinyi ilikuwa imekatika tangu mvua za masika, na kwa miguu ilikuwa mwendo wa saa tatu.

Ndege ya wagonjwa ingefika kwa dakika kumi na nne. Lakini ndege hizo hazikuwa na marubani. Ziliruka kwa ramani, na kwa ramani mahali alipolala Mwadime palikuwa ukingo wa genge la mita mia mbili. Mkawasi alimpigia mkuu wa huduma ya ndege hizo, akamwomba aendeshe moja kwa mkono. Yule bwana alimsikitikia kwa dhati, akamwambia vishikio vya mkono viliondolewa zamani. Ndege ikiambiwa mbele kuna mwamba, hakuna awezaye kuibishia.

Hili halikuwa jambo la kushtukiza. Miaka minane nyuma, watu wazima wote wa Irindinyi walikusanyika katika darasa la shule, na Mkawasi akasimama mbele yao akawaeleza kila kitu: kwamba wakilikubali Pazia hakuna ndege itakayowajia, wala ya posta wala ya wagonjwa. Mzee mmoja aliuliza itakuwaje mtu akizidiwa. Mkawasi alijibu kwamba serikali imeahidi kutengeneza barabara. Aliliamini hilo alipolisema. Wakatia sahihi mmoja mmoja, na wa kwanza kutia alikuwa Mwadime.

Njia ya kuliondoa Pazia ilikuwapo, na ufunguo ulikuwa wake. Angeweka kidole, angetaja sababu, na katika dakika moja ramani zote za dunia zingepokea ukweli. Shida ni kwamba lisingerudishika. Mashine za wezi zilikuwa macho mchana kutwa zikitafuta kitu hicho tu, mahali ambapo picha ya jana na ya leo hazifanani. Pazia likifunuliwa hata kwa dakika tisa, picha ya kweli ingekwisha kunakiliwa kwingi, na nyuki wangetumwa. Mara ya mwisho Pazia lilipofunuliwa kwa bahati mbaya, mahali pengine, walichukua saa tatu kufika.

Alimpigia mkubwa wake, Bi. Malemba, aliyekuwa mkutanoni Nairobi. Bi. Malemba alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema sheria inamruhusu kufunua ili kuokoa maisha, na sheria hiyohiyo inasema lazima wenye mahali wakubali. Kisha sauti yake ikaacha kuwa ya mkubwa wa kazi. Alimwambia Mkawasi kwamba anamshukuru Mungu ufunguo ule si wake.

Mkawasi akajaribu njia ya katikati. Aliiagiza ndege ikasimame nje ya mpaka wa Pazia, kwenye uwanja wa kanisa lililo bondeni, akamwambia Mghoi wamteremshe Mwadime kwa machela. Vijana wanane wakamwinua. Kwa mwendo wa kukimbia ingewachukua saa moja na nusu. Akakaa na simu sikioni, akawasikia wakihema na mawe yakiporomoka chini ya miguu yao, na Mghoi akiwaambia wabadilishane mabega. Kwa dakika ishirini aliamini kwamba ameokoa vyote viwili.

Kisha Mghoi akawaambia wasimame. Akasema kope za mumewe zimeanguka na hawezi kuziinua, na mate yanamtoka.

"Mpe simu," alisema Mkawasi.

Alisikia majani yakisagika, kisha pumzi za kaka yake, fupi, zenye kukwaruza. Mwadime alikuwa amemzidi miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyemfundisha kusoma mlima, maji yanapita wapi, jiwe gani likikanyagwa litateleza. Sasa maneno yalimtoka kama ya mlevi, na ilibidi Mkawasi azibe sikio la pili ili ayapate.

"Usifungue," alisema Mwadime.

"Kaka, huwezi kufika bondeni."

"Najua. Mimi ni mmoja." Akavuta pumzi. "Baba yumo mle. Usifungue, Mkawasi. Niache niende nikakae naye."

Mghoi akaichukua simu. Hakumsihi wala hakulia. Alisema tu kwamba amesikia aliyoyasema mumewe, na kwamba yeye pia aliitia sahihi ile karatasi, na leo anaifuta sahihi yake. Akauliza kama mke naye ni mwenye mahali.

Miaka mingi baadaye watu walikuja kumuuliza Mkawasi alifikiri nini wakati ule, na kila mara aliona wanasubiri jambo kubwa. Hakuwa na jambo kubwa la kuwapa. Alikuwa anasikiliza mapumziko kati ya pumzi na pumzi, nayo yalikuwa yanarefuka. Akaweka kidole.

* * *

Genge lake la miezi mitano likatoweka bila kishindo. Kwenye ukuta wa picha yakatokea mabati, njia nyekundu ya udongo, mahindi yaliyoanza kukauka, na kwenye mteremko kundi la watu waliozunguka kitu kirefu kilicholazwa chini. Mgeni kutoka wizarani, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke, alisimama na mikono nyuma.

Ndege iliyokuwa ikingoja bondeni ilitua dakika nne baadaye. Saa tano kasorobo Mwadime alikuwa Voi, mrija kooni, dawa inaingia mshipani, na daktari alimwambia Mkawasi kwamba wangechelewa robo saa tu wangempokea maiti.

Hakwenda hospitali. Alirudi kwenye simu. Alipiga kituo cha polisi kilichokuwa karibu zaidi na kule, akaambiwa kuna askari wawili na barabara imekatika. Akampigia Mghoi. Mghoi hakuwa amepanda ndege kwa kuwa ndege ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Alikuwa ameketi kwenye jiwe na vijana wale wanane, wakinywa maji.

Mkawasi alimwambia wayatoe mafuvu pangoni upesi, wayafiche popote, majumbani, chini ya vitanda, mashimoni.  Mghoi akamkumbusha kile ambacho Mkawasi alikijua vizuri: hakuna anayewagusa wazee ila mtunza pango, naye yuko hospitali na hana fahamu. Hata hivyo aliwaambia vijana. Watatu wakapanda naye mpaka mlangoni, wakavua viatu, wakasimama. Hawakuweza. Walikuwa watu wazima wenye nguvu, na mmoja wao aliketi chini akalia kama mtoto, akisema babu yake yumo na hajui amshike vipi.

Saa sita na dakika nane ukuta wa picha ulionyesha pango, na watu wapatao ishirini mlangoni wenye majembe na marungu. Picha ya saa sita na dakika kumi na saba ilionyesha watu walewale, na upande wa mashariki madoa meusi, mengi, kama pilipili manga iliyomwagika kwenye kitambaa. Picha ya saa sita na dakika ishirini na sita ilikuwa nyeusi pale penye pango. Watu wengine walikuwa wamelala kifudifudi, wengine wanakimbia. Mkawasi alisubiri dakika tisa. Hakuketi. Picha ya saa sita na dakika thelathini na tano ilionyesha madoa yakielekea kusini, yamepangana vizuri, na mlango wa pango mtupu.

Nyuki walikuwa wamemwaga dawa ya kuwasha macho. Hakuna aliyekufa. Mzee Mwanjala, aliyekataa kukimbia, aliangushwa akavunjika nyonga.

Mghoi hakuwa amekimbia pia. Vijana waliposhindwa, yeye, mwanamke asiyeruhusiwa hata kukaribia mlango ule, aliingia. Ndani mlikuwa na giza na hakujua nani ni nani. Alimtafuta baba mkwe wake kwa kukisia, akachukua fuvu lililoonekana jipya kuliko mengine na jingine lililokuwa kando yake, akayafunga kwenye kanga, akalala juu ya fungu hilo katika shamba la mihogo mpaka mvumo ulipokwisha.

* * *

Mwadime alizinduka siku ya tatu. Mkawasi alikuwa kando ya kitanda. Mrija ulikuwa bado kooni, na hakuweza kusema. Alitazama dari, akatazama dirisha, akamtazama mdogo wake. Haikuwa lazima amwambie. Mtu aliyeishiwa pumzi mlimani, akaamka hospitali, anajua ndege imepita wapi. Chozi moja lilimtoka likateremka mpaka sikioni, na Mkawasi alipotaka kulifuta, Mwadime akaugeuza uso ukutani.

Mrija ulipoondolewa alizungumza na daktari, na wauguzi, na Mghoi aliyeteremka kwa miguu kuja kumwona. Mghoi alimletea yale mafuvu mawili kwenye kikapu, yamefunikwa. Mwadime aliomba pazia la kitanda livutwe. Alipofunua kikapu alijua mara moja. Alisema hawa wawili walikaa upande wa kushoto, karibu na mlango. Mghoi alimuuliza kwa sauti ndogo kama hakuna aliyekuwa baba. Akamjibu kwamba baba alikuwa ndani zaidi, alikuwa na jirani mmoja tu, na kwamba amefanya vema, amefanya kuliko wanaume wote. Akamshika mkono. Mkawasi aliyasikia hayo akiwa nje ya pazia, ana chupa ya chai mkononi. Akaiweka sakafuni akaondoka.

Miezi saba ikapita, Mwadime hakumsemesha. Mkawasi alipopiga simu aliipokea Mghoi, akampa habari za nyumbani, akamshukuru kila mara kwa uhai wa mumewe, na kila mara shukrani ile ilimchoma kuliko tusi.

Katika mwezi wa nne wa kimya hicho zilikuja habari kwamba katika mji mmoja wa ng'ambo mfanyabiashara amekamatwa na mafuvu kumi na tisa yaliyokisiwa kuwa ya Taita. Kituo kilipeleka madai, na Mkawasi alitoa ushahidi kwa njia ya video. Wakili wa yule bwana alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mwalimu. Aliuliza kama kuna picha ya mafuvu hayo yakiwa pangoni. Hapana. Vipimo? Hapana. Orodha ya majina, mchoro, chochote kilichoandikwa? Mkawasi akaeleza kuhusu Pazia, na kwa nini kuandika kulikatazwa. Wakili akamshukuru. Kisha akaweka mezani picha rasmi za setilaiti zenye muhuri wa Kituo cha Ramani za Urithi, za miaka minane mfululizo, akaomba mahakama itazame.

"Kwa ramani yenu wenyewe," alisema, "kwenye mlima huu hajapata kuishi mtu."

Lilikuwa genge lake. Kila jiwe lilikuwa pale alipolichora.

* * *

Alipanda Irindinyi mwezi wa saba tangu siku ile, kwa miguu, na karatasi mkobani. Wizara ilikuwa imeamua kuuondoa mlima kwenye orodha ya urithi kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kulinda, na mtunza pango alitakiwa kutia sahihi. Bi. Malemba alitaka kumtuma mtu mwingine. Mkawasi alikataa.

Mghoi alimpokea kwa maji na chakula. Watoto wa jirani walikuwa uani wakishangilia ndege ya posta iliyokuwa ikitua. Sasa ndege zilikuja, mara mbili kwa wiki. Mwanamke wa nyumba ya tatu alikuwa amejifungua salama hospitali mwezi uliopita, na mtoto akaitwa Mkawasi. Mghoi alimwambia hayo akidhani atafurahi.

Mwadime alitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda, na mguu ulioumwa ulimvuta kidogo. Aliichukua karatasi, akaisoma yote amesimama. Akamwomba Mghoi kalamu. Akatia sahihi juu ya goti, akairudisha bila kumtazama aliyemkabidhi.

Mkawasi alikuwa amejiandaa kuondoka baada ya hapo. Alikuwa amejiapia njiani kwamba hatamwomba kitu. Lakini karatasi ile ilipoingia mkobani alijisikia akisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida. Alimweleza kaka yake habari za mahakama. Kwamba kesi haijafungwa, imeahirishwa. Kwamba mtu mmoja tu duniani anajua kila mmoja alikaa wapi na ana alama gani, na kwamba mtu huyo akifa bila kusema, hata wakirudishwa hakuna atakayejua ni akina nani. Alikuwa na chombo cha kupimia mahali. Angeweza kuyaandika yote leo.

Majina yale hayakuwa ya kusemwa nje ya pango. Mwadime aliyapokea kwa baba, mdomo kwa sikio, kwa miaka mitatu. Mkawasi hakuwahi kuyasikia. Kaka yake aliitazama ndege ya posta ikiinuka. Kisha akachukua fimbo yake akaanza kupanda, na Mghoi akamfanyia Mkawasi ishara ya kichwa amfuate.

Mlangoni alivua viatu. Mkawasi akavua vyake, akasubiri kukatazwa, na hakukatazwa. Ndani mlikuwa na mashimo sitini na manne, kwenye ukuta wa mwamba, safu juu ya safu. Mawili tu yalikuwa na wenyewe.

Mwadime alianzia kushoto. Aliweka kidole kwenye shimo, akataja jina, akataja alama. Alisema kama mtu anayemsomea karani, na Mkawasi akaandika, akaweka nukta, wakasogea. Righa, jino la mbele limepasuka. Shako, ana ufa juu ya jicho la kulia. Mwakio, mpana wa paji. Nyambu, aliyekufa kwa njaa, mdogo kuliko wote. Mwachofi. Mghalu. Mara moja alisahau, akarudi nyuma mashimo matatu, akafumba macho, akayasema tena kwa mpangilio mpaka lile lililokuwa limepotea likaja lenyewe. Jua lilihama kutoka mlangoni likaingia mpaka magotini kwao. 

Walipofika ukuta wa ndani ilikuwa saa kumi. Mwadime aliweka kidole kwenye shimo la sitini na tatu.

"Mwaluma," alisema.

Mkawasi akaandika. Akangoja alama, na alama haikuja. Akalazimika kuuliza.

"Unaijua," alisema kaka yake.

Alikuwa anaijua. Ni meno mawili ya juu yaliyoachana, ambayo baba yao alizoea kupenyeza njiti ya kiberiti kati yake awachekeshe. Aliyaandika, akafuta, akaanza upya.

Kando yake palibaki shimo moja, limechongwa karibuni, kuta zake bado nyeupe. Kwa mazoea ya kazi, kabla hajafikiri, Mkawasi akauliza na hili je.

Mwadime aliliangalia. Akapitisha kiganja ndani yake, akafuta vumbi lisilokuwapo.

"Hilo lilikuwa langu," alisema. "Hapo usiandike kitu. Siwezi kuja kukaa upande huu peke yangu."

Mkawasi akaweka nukta, akaiacha bila jina. Wakatoka, kaka mbele, mdogo nyuma, wakavaa viatu vyao mlangoni kila mtu upande wake, wakateremka.